Wote Wawili Walisema Kweli: Intaneti Moja, Kompyuta Mbili

Kwenye vipindi vyetu tumeongea sana kuhusu kazi wanazopewa watoto wa huku: kusoma barua za halmashauri, kujaza fomu za pasipoti, kukaa pembeni mzee anapopiga simu benki ili umnong'oneze maana ya swali. Kuna kazi moja tumekuwa tukiipita juujuu, nayo ni ufundi wa intaneti wa familia. Kila nyumba ina fundi wake. Hukusomea, hukuomba, mshahara hakuna, lakini waifai ikigoma ni simu yako inayolia, hata kama unaishi mji mwingine na uko kazini.

Kwetu fundi ni mimi. Nimesomea uhasibu, si kompyuta. Lakini ugomvi nilioukuta nyumbani kwa mama, Leicester, majira ya baridi yaliyopita, nimeshausikia kwa marafiki wengi mno: kompyuta mbili, intaneti moja, na kila mtu ana hakika kwamba mwenzake ndiye anayeimaliza. Kwa hiyo nawaandikia tulivyopima, tulichokuta, na kwa nini mama hakusaini mkataba mpya aliokuwa amewekewa mezani.

Kazi mbili chini ya paa moja

Mama yangu ni mkalimani. Alikuja Uingereza kutoka Tanga miaka ya tisini, akafanya usafi, akafanya kazi jikoni shuleni, na sasa anafasiri Kiswahili kwa hospitali na zahanati kupitia wakala mmoja. Zamani alikuwa anapanda basi kwenda hospitalini. Siku hizi kazi nyingi ni za video. Anakaa chumbani kwake juu na kompyuta yake na headphone, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, na analipwa kwa dakika. Wengi anaowafasiria ni Wakongo, na Kiswahili cha Bukavu si cha Tanga, kwa hiyo lazima asikie kila neno vizuri.

Chumba cha chini ni cha mdogo wangu. Yeye anapiga video za harusi. Kama umewahi kwenda harusi ya Waswahili huku Midlands unaijua kazi yenyewe: nikahi mchana, ukumbi usiku, kamera tatu, na shangazi wa bwana harusi anataka aonekane kila baada ya dakika mbili. Jumamosi anarekodi, Jumapili anakata na kuunganisha, halafu mafaili yanapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ili mwenzake aliyeko Birmingham amalizie rangi na sauti.

Tatizo lilianza kidogokidogo. Picha ya mama inaganda, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, kisha simu inakatika. Siri za wagonjwa mama hatuambii, na hatumuulizi. Alichoniambia ni hiki tu: "Mwanangu, mtu ameshika tumbo anasubiri neno langu, na neno langu limekwama hapo katikati. Daktari anadhani sijaelewa swali."

Halafu wakala wakamtumia barua pepe. Simu kadhaa zimekatika ndani ya mwezi mmoja, na hali ikiendelea hivyo wataondoa jina lake kwenye orodha ya video. Kwa mama hiyo ilikuwa ni zaidi ya nusu ya kipato chake.

Kila mmoja na ushahidi wake

Nilipofika wikiendi ile, nilimwamkia mama, nikakaa jikoni, na kabla chai haijachemka nikawa nimepewa kesi nzima.

Mama: "Mdogo wako anaimaliza intaneti. Naulipia mtandao mimi, wa kufanya kazi ni mimi, na siwezi kufanya kazi."

Mdogo wangu: "Dada, mimi wala situmii! Siangalii filamu, sichezi gemu, sipakui kitu. Na siku ile ilipokatika mara mbili mimi nilikuwa hata sipo nyumbani, nilikuwa Coventry. Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza mama, akakiri. Kweli, siku ile kijana hakuwepo.

Ushahidi ule ndio uliokuwa umemkata mama maneno. Kama mtu hayupo nyumbani, atamalizaje intaneti? Basi lawama ikahamia kwa kampuni. Mama akapiga simu, na muuzaji mmoja mwenye sauti tamu akamwambia dawa ni kifurushi cha juu: spidi mara mbili, mkataba wa miezi 24, nyongeza ya pauni 12 kwa mwezi. Mimi nikapiga hesabu pale pale. Ni pauni 288 za ziada, kwa tatizo ambalo hakuna aliyekuwa amelipima.

Uliza kwanza, gusa baadaye

Wengi wetu tukiitwa kutengeneza intaneti tunakimbilia kuzima ruta na kuiwasha. Mara nyingine inasaidia, lakini hujajifunza kitu, na kesho utaitwa tena. Anza na maswali mawili: linatokea kwa kompyuta moja au zote mbili? Na linatokea lini?

La pili ndilo lililotufungulia mlango. Mama ni mtu wa daftari. Kila simu iliyokatika alikuwa ameiandika, tarehe na saa, kwa sababu ya malipo. Nikapitia daftari lile kama ninavyopitia vitabu vya mteja. Karibu zote zilikuwa Jumatatu na Jumanne. Alhamisi na Ijumaa hamna kitu. Sasa, ukuta hauwi mnene Jumatatu ukawa mwembamba Alhamisi, na waya wa kampuni haujui siku za wiki. Kitu kinachofuata kalenda ni cha binadamu. Na ndani ya nyumba ile kilichokuwa kinatokea Jumatatu ni kwamba harusi ya Jumamosi inapandishwa mtandaoni.

Lakini daftari linaonyesha pa kutazama tu, halithibitishi. Tukapima.

Hodi, hodi

Kipimo cha kwanza hakihitaji kununua chochote. Kipo ndani ya kila kompyuta. Kwenye Windows fungua Command Prompt, kwenye Mac fungua Terminal, kisha andika ping, acha nafasi, na anwani. Nilimweleza mama hivi: ping ni hodi. Kompyuta yako inabisha mlango wa mashine nyingine, ile mashine inajibu karibu, na unaandikiwa ni muda gani umepita kati ya hodi na karibu, kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja.

Unabisha milango miwili. Wa kwanza ni ruta yako mwenyewe, ambayo kwenye nyumba nyingi anwani yake ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukitaka uhakika, kwenye Windows andika ipconfig na utazame mstari wa Default Gateway. Mlango wa pili uko nje ya nyumba. Mimi hutumia 1.1.1.1, ambayo ni ya Cloudflare, au 8.8.8.8, ambayo ni ya Google.

Maana yake ni rahisi. Ruta ikichelewa kujibu, tatizo liko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta, na mara nyingi ni waifai. Ruta ikijibu haraka lakini mlango wa nje ukachelewa, tatizo liko kwenye njia inayotoka nyumbani. Hapo umeshaligawa tatizo mara mbili bila kumlaumu mtu.

Tukaanza chumbani kwa mama, kwa waifai, mdogo wangu akiwa amezima kompyuta yake kabisa. Hodi kwa ruta: 4, 5, 140, 6, kisha moja haikujibiwa kabisa. Si nzuri. Nyumba za mtaa ule ni zile za zamani zilizoshikana ukuta kwa ukuta, matofali mazito, na ruta imewekwa chini karibu na mlango wa mbele, nyuma ya makoti, kwa sababu ndipo waya wa simu unapoingilia. Mawimbi yanapanda ghorofa na kupita kuta mbili kumfikia mama.

Nikachukua waya wa mtandao wa mita 15, ule wa Cat5e wa bei ndogo, nikaupandisha pembeni mwa ngazi hadi kwenye kompyuta ya mama, na nikazima waifai ya kompyuta ile. Hodi kwa ruta: chini ya 1, kila mara. Hodi ya nje: 14, 15, 14. Safi kabisa. Spidi ya kupakua Mbps 36, ya kupakia Mbps 8.6.

Fundi mvivu angeishia hapo. Angesema waifai ndiyo mbaya, waya umetibu, nipeni chakula. Lakini waifai mbovu haielezi Jumatatu. Kwa hiyo nikamwambia mdogo wangu: "Washa kompyuta yako, usifanye kitu chochote usichofanya siku zote. Fanya kama ni Jumatatu." Akafungua folda ya harusi, akahamishia mafaili yaliyokamilika, akaiacha. Programu ya hifadhi ikaanza yenyewe kupandisha.

Kwenye kompyuta ya mama, bado kwa waya, ruta iliendelea kujibu chini ya 1. Mlango wa nje: 16. 48. 210. 530. 870. 910. Ikakaa hapo, karibu sekunde nzima kati ya hodi na karibu.

Mama akatazama namba zikipanda, akageuka kumtazama kijana wake. Kijana akasema, na hakuwa anadanganya: "Lakini mimi sipakui kitu!"

Foleni iko upande wa kutoka

Ni kweli alikuwa hapakui. Alikuwa anapakia. Na hapo ndipo penye kisa chote.

Kiswahili chetu hapa kinasaidia. Kupakua ni kama kupakua chakula: kinatoka kwenye sufuria kuja kwenye sahani yako. Kupakia ni kama kupakia lori: vyako vinaondoka kwenda kwingine. Intaneti za nyumbani nyingi zina barabara mbili zisizo sawa. Ile ya kuja ni pana, ile ya kwenda ni nyembamba. Kwenye laini ya mama, ambayo ni fibre mpaka kwenye kabati la mtaani halafu shaba mpaka nyumbani, kifurushi ni cha Mbps 40 kuja na 10 kwenda. Zile laini za zamani za ADSL zilikuwa mbaya zaidi: mpaka Mbps 24 kuja, na kwenda karibu 1 tu.

Tangazo la kampuni linakupigia kelele namba ya kwanza. Ya pili iko chini kwa maandishi madogo. Basi familia nzima inagombana kuhusu nani anatazama filamu, wakati barabara iliyojaa ni ile nyingine ambayo hakuna anayeitaja.

Piga hesabu. Harusi moja ya mdogo wangu ni kama gigabaiti 40. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo ni megabiti 320,000. Kwa Mbps 8 za kwenda ni sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11 mfululizo. Anabonyeza Jumapili usiku, anakwenda kulala, anaamka, anaondoka kwenda Coventry, na kompyuta yake bado inapakia. Ndiyo maana hakuwepo nyumbani na bado barabara ilikuwa yake. Mama alisema kweli, na kijana alisema kweli.

Utauliza: mazungumzo ya video yanahitaji kiasi gani? Kidogo sana. Zoom wenyewe wanaeleza kwamba mazungumzo ya watu wawili kwa picha ya 720p yanataka Mbps 1.2 kwenda na 1.2 kurudi. Laini ya mama inatosha mara nyingi. Shida haikuwa upana, ilikuwa foleni.

Fikiria pantoni ya Kigamboni au ile ya Likoni. Mama ni mtu wa miguu, ana barua mkononi, na barua lazima ivuke sasa hivi. Mbele yake kuna malori mia ya harusi yaliyofika kwa mkupuo. Pantoni haichagui, inapakia kwa zamu. Mama atavuka, ila malori yote yaliyomtangulia yakishavuka. Ndani ya ruta na modemu mna uwanja wa kusubiria, na vifaa vingi vimetengenezwa na uwanja mkubwa kupita kiasi. Ungeweza kudhani uwanja mkubwa ni jambo jema. Kumbe kompyuta inayotuma faili kubwa inaongeza kasi kidogokidogo, na haijui kwamba njia imejaa mpaka pakiti moja ipotee au irudi imechelewa mno. Uwanja ukiwa mkubwa hakipotei kitu, kwa hiyo nayo inaendelea kumimina malori, foleni inarefuka, na kila anayeingia baadaye anasubiri.

Kwa faili la harusi, kuchelewa sekunde moja si kitu. Kwa sauti ya mtu ni janga. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikipita sana hapo watu wanaanza kuongea mmoja juu ya mwenzake. Sasa weka daktari, mgonjwa na mkalimani kwenye mstari mmoja wenye kuchelewa kiasi kile, uone.

Na kuna jambo jingine: barabara ya kwenda ikijaa, hata ya kuja inasuasua. Kila ukipakua kitu, kompyuta yako inarudisha risiti ndogo kusema nimepokea, leta nyingine. Risiti nazo zinapita njia ya kwenda. Zikikwama kwenye foleni, anayekutumia anasubiri. Ndiyo maana mama aliona kila kitu kimekufa, hata kurasa za kawaida.

Si nyumba yetu tu

Tatizo hili lina jina na historia. Oktoba 1986 njia kati ya Lawrence Berkeley Laboratory na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu mbili zilizotenganishwa na yadi 400 tu, ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Mtu angeweza kutembea na karatasi mkononi akafika kwanza. Van Jacobson akachunguza, na mwaka 1988 akachapisha njia ya kuzifundisha kompyuta kupunguza kasi zinapoona pakiti zinapotea. Intaneti tunayotumia leo bado inategemea adabu ile.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 2010, Jim Gettys akakutana na foleni ya aina yetu akiwa nyumbani kwake anatuma mafaili makubwa. Akaipa jina bufferbloat, yaani uvimbe wa uwanja wa kusubiria. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyohuyo Jacobson wakatoa dawa iitwayo CoDel, ambayo inatazama pakiti zimesubiri muda gani na kuanza kuzitupa foleni ikizidi. Ndugu yake, fq_codel, iliyoandikwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018, inaongeza kitu kizuri: kila mazungumzo yanapewa mstari wake, ili mtu wa miguu asisimame nyuma ya malori ya mwenzake.

Kwa hiyo mhandisi bingwa nyumbani kwake na mama wa Kitanga nyumbani kwake walipatwa na jambo lilelile. Nilipomwambia mama, aliridhika kuliko nilivyotarajia. Miezi yote ile alikuwa akihisi kwamba labda ni yeye ndiye asiyejua kutumia kompyuta.

Tulichofanya

Moja, waya wa mama ulibaki. Cat5e inabeba gigabiti moja mpaka mita 100, kwa hiyo mita 15 si kitu. Tuliubana pembeni mwa ngazi ili asijikwae mtu.

Mbili, tuliingia kwenye mipangilio ya programu ya hifadhi ya mdogo wangu. Nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupakia. Tukaweka Mbps 6 kati ya 8.6, tukapima tena huku harusi inapanda: hodi ya nje 22, 25, 24. Kutoka 900 mpaka 25, bila kununua kitu. Siri ni kutoiruhusu foleni ianze. Ukiacha nafasi kidogo juu, uwanja wa kusubiria haujai.

Tatu, ratiba. Hapa hapakuwa na teknolojia, palikuwa na maongezi. Kijana alikuwa na wasiwasi, maana mwenzake wa Birmingham anasubiri na maharusi wanapiga simu kila saa. Tukapiga hesabu pamoja: akianza saa saba mchana, mama akishamaliza zamu, kwa Mbps 6 gigabaiti 40 zinamalizika karibu saa kumi alfajiri. Mwenzake akiamka Jumanne anakuta kila kitu. Akatikisa kichwa, akasema, "Sasa kwa nini hatukuongea hivi tangu mwanzo?" Mama akamjibu, "Kwa sababu ulikuwa unaniambia hutumii."

Nne, kwa baadaye, tunatafuta ruta yenye uwezo wa kupanga foleni. Kwenye mipangilio utakuta maneno kama SQM au Smart Queue. Programu huria ya OpenWrt inayo, na inaingia kwenye ruta nyingi. Mwenye nyumba ya watu sita hatakaa akipanga ratiba na kila mtu, kwake hii ndiyo dawa.

Na kwa wale ambao tatizo lao ni lingine, dalili chache za haraka. Kompyuta moja ikigoma kabisa na anwani yake ikaanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Zima na uwashe ruta, kisha angalia waya. Mashine mbili zikipokezana kukatika, huenda zote zimewekewa anwani moja kwa mkono. Ziache zipewe na ruta. Waifai ikiwa dhaifu, jaribu bendi ya 5 GHz ukiwa karibu na ile ya 2.4 GHz ukiwa mbali, maana ya kwanza ina kasi lakini inachoka kwenye kuta. Majirani wakiwa wengi, bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11.

Kabla hujasaini

Kifurushi cha juu kingemsaidia mama? Kidogo. Laini kama yake inaweza kufika Mbps 80 kuja na 20 kwenda. Harusi ingepanda kwa nusu ya muda, lakini kwa muda huo foleni ingekuwepo vilevile, maana anayetuma hutumia kila anachopewa. Angelipa pauni 288 na barua ya wakala ingekuja tena.

Sisemi usipandishe kifurushi kamwe. Nasema uliza namba ya pili. Muuzaji akikutajia spidi, mwambie: na kupakia ni ngapi? Hata fibre kamili mpaka nyumbani, vifurushi vingi bado vinatoa kidogo kwenda kuliko kuja.

Zijue na haki zako ukiwa Uingereza. Kwa kanuni ya Ofcom inayotumika tangu Machi 2019, kampuni zilizoisaini lazima zikutajie kabla ya mkataba kiwango cha chini cha spidi ya kupakua. Ukipata chini ya hapo na wakashindwa kurekebisha ndani ya siku 30, unaweza kuondoka bila faini. Ona hata hapo namba ni ya kupakua. Na mzee anayepokea Universal Credit au Pension Credit aulizie vifurushi vya bei nafuu, kwa Kiingereza social tariff. Wauzaji hawavitaji wenyewe, uliza kwa jina.

Kwetu Tanga mtu hununua bando kwa megabaiti, kwa hiyo kila mtu anajua nani ametumia nini. Ukimwazima mtu simu unahesabu. Huku tunaambiwa ni bila kikomo, tukaacha kuhesabu. Ni kweli hakuna kikomo cha kiasi, ila barabara bado ina upana wake, na watu wawili wanaofanya kazi nyumba moja wanapaswa kuujua upana huo kama wanavyojua tarehe ya kulipa kodi ya nyumba.

Jumatatu iliyofuata mama alifanya zamu nzima bila kukatika, na mpaka naandika hapa jina lake bado liko kwenye orodha. Siku hizi kabla ya saa tatu anafungua lile dirisha jeusi na kubisha hodi mwenyewe, kwenye ruta na kwa nje, na anaandika namba kwenye daftari lake pembeni ya tarehe. Ikizidi 50 anapiga kelele kutoka juu, "We mtoto, umewasha nini?" Mara nyingi kijana hajawasha kitu, ni simu yake inajihifadhia picha. Anaisimamisha, mama anabisha tena, kazi inaanza.